Ini, Damu na Usingizi: Mambo Ambayo Mgonjwa Hana Budi Kuyasema Kabla ya Upasuaji

Utangulizi

Upasuaji wa ini, uwe wa kuondoa uvimbe, wa kukata sehemu iliyoharibika au wa kupandikiza ini jingine, huhitaji maandalizi makubwa. Sababu yake ni mbili. Kwanza, ini limejaa damu: kwa mtu mzima aliyepumzika, takriban robo ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita ndani yake, yaani kiasi cha lita moja hadi lita moja na nusu kila dakika. Pili, ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya vitu vinavyoifanya damu igande. Kwa hiyo, kiungo kinachokatwa na kuvuja damu ndicho hichohicho ambacho mwili ulikitegemea kuizuia damu isimwagike.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mgonjwa, jamaa anayemuuguza, na ndugu anayefikiria kujitolea sehemu ya ini lake. Hatukusudii kumfundisha msomaji kazi ya daktari. Tunakusudia kumwonesha kwamba vipimo vya maabara, hata vikiwa bora, havimwelezi daktari wa usingizi kila kitu. Sehemu ya habari anayoihitaji ili kuilinda damu ya mgonjwa anayo mgonjwa mwenyewe: ni dawa alizonunua dukani, dawa za asili alizokunywa, na vidonge alivyoacha kuvimeza bila kumwambia mtu.

Damu hugandaje?

Mtu anapojikata kidole kwa kisu cha jikoni, mambo matatu hutokea. Mshipa uliokatika hujibana. Kisha chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukimbilia mahali pa jeraha na kushikamana. Hatimaye protini maalumu zilizomo katika maji ya damu huamshana moja baada ya nyingine hadi kufuma utando wa nyuzi unaoziba tundu. Protini inayotoa nyuzi hizo huitwa fibrinojeni. Fibrinojeni na nyingi kati ya protini za mgando hutengenezwa ndani ya ini. Baadhi yake huhitaji pia vitamini K, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga za majani kama vile mchicha, na ambayo haifyonzwi vizuri tumboni pasipo nyongo itokayo kwenye ini.

Hata hivyo, mgando ukiachwa uendelee bila mpaka, damu yote ingeganda ndani ya mishipa. Kwa sababu hiyo mwili una protini nyingine zinazozuia mgando usienee, mfano protini C, protini S na antithrombini. Hizi nazo hutengenezwa zaidi na ini. Msomaji azingatie jambo hili, kwani maelezo mengi yanayofuata yanalitegemea: ini hutengeneza vichocheo vya mgando, na ndilo pia linalotengeneza vizuizi vyake.

Mizani isiyoonekana katika kipimo kimoja

Ini likijaa makovu, kama inavyotokea kwa watu walioishi miaka mingi na homa ya ini aina B au C, au waliokunywa pombe kupita kiasi, vichocheo hupungua na vizuizi pia hupungua. Wakati huohuo shinikizo la damu katika mishipa ya tumbo inayoelekea kwenye ini hupanda. Bandama huvimba na kunasa chembe sahani nyingi, hivyo hesabu yake katika damu inayozunguka hushuka.

Mgonjwa wa namna hii akipimwa, mara nyingi huambiwa kwamba kipimo chake cha INR kiko juu. Naye akirudi nyumbani huwaambia jamaa zake kwamba damu yake ni nyepesi. Usemi huo una sehemu ya ukweli, lakini haujakamilika. INR ilibuniwa ili kuwafuatilia watu wanaotumia wafarini, dawa ya kupunguza mgando wa damu. Kipimo hicho hutazama baadhi ya vichocheo pekee, wala hakioneshi upungufu wa vizuizi. Ni sawa na kulikagua gari kwa kutazama injini bila kugusa breki. Injini ikiwa dhaifu na breki nazo zikiwa dhaifu, gari linaweza bado kwenda kwa mwendo wa kawaida.

Ndiyo maana wataalamu wa leo husema kwamba damu ya mgonjwa wa ini aliyetulia huwa katika mizani mpya. Ziko pungufu pande zote mbili, lakini hulingana. Tatizo ni kwamba mizani hiyo ni dhaifu. Maambukizi, kushindwa kwa figo, au dawa isiyofaa vyaweza kuielemeza upande wa kuvuja damu au upande wa kuganda. Mgonjwa mwenye INR ya juu anaweza kabisa kupata donge la damu katika mshipa wa mguu, katika mapafu, au katika mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini lenyewe.

Funzo la mwaka 1963

Historia ya upandikizaji wa ini yenyewe inathibitisha hatari hizo mbili. Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver nchini Marekani, daktari wa upasuaji Thomas Starzl na wenzake walijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikizia binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu aliyezaliwa na kasoro ya mirija ya nyongo. Mtoto huyo alivuja damu isiyozuilika, akafariki dunia mezani.

Katika majaribio yaliyofuata mwaka huohuo, madaktari walijitahidi kuzuia msiba huo usijirudie. Walitumia dawa na vitu vya kuimarisha mgando, pamoja na mirija ya kuipitisha damu kando wakati ini likiwa limeondolewa. Safari hii walikutana na hatari ya upande wa pili: madonge ya damu yalijiunda, yakasafiri hadi mapafuni, na wagonjwa wakafariki siku au majuma kadhaa baadaye. Kazi ikasimamishwa. Ilikuwa mwaka 1967 ndipo timu hiyo ilipopata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka mmoja baada ya kupandikizwa.

Tunaitaja habari hii ili msomaji aelewe kwa nini daktari wa leo hamwongezei mgonjwa vigandishi vya damu kwa sababu tu namba ya maabara inatisha. Damu inayoganda kupita kiasi huua kama ile isiyoganda.

Daktari wa usingizi hufanya nini?

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya daktari wa usingizi ni kumlaza mgonjwa na kumwamsha. Katika upasuaji wa ini, yeye ndiye mlinzi wa damu, moyo, mapafu na joto la mwili tangu mwanzo hadi mwisho.

Huanza kwa kuchagua dawa. Dawa nyingi za usingizi na za maumivu huvunjwavunjwa na ini. Ini likiwa dhaifu, dawa hukaa mwilini muda mrefu, na mgonjwa aweza kuchelewa kuamka au kupumua kwa shida. Kwa hiyo daktari hupunguza kipimo, au huchagua dawa isiyolitegemea ini. Mfano mmoja ni atrakuriamu, dawa ya kulegeza misuli, ambayo kwa sehemu kubwa hujivunja yenyewe ndani ya damu.

Mgonjwa anaweza pia kuomba ganzi ya mgongoni ili kupunguza maumivu, akakataliwa. Huko si kupuuzwa. Sindano hiyo hupita karibu na uti wa mgongo, na damu ikivuja hapo bila kuganda, inaweza kuibana mishipa ya fahamu na kusababisha kupooza. Daktari huamua baada ya kupima faida na hatari.

Upasuaji ukianza, kila hatua huwa na hatari yake. Katika kukata sehemu ya ini, daktari wa usingizi hupunguza maji ya dripu ili shinikizo katika mishipa ya vena lisiwe kubwa, kwa kuwa mishipa iliyojaa huvuja zaidi. Daktari wa upasuaji naye aweza kuibana kwa muda mishipa inayoingiza damu kwenye ini, njia iliyoelezwa mwaka 1908 na James Hogarth Pringle, daktari wa Glasgow.

Katika upandikizaji, kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kulitenganisha ini la zamani, ambapo damu huvuja kutoka katika mishipa iliyovimba. Ya pili ni kipindi ambacho mgonjwa hana ini kabisa. Hapo hakuna kinachotengeneza protini za mgando. Joto la mwili hushuka, na mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Tena, damu ya kuongezewa huhifadhiwa kwa kemikali iitwayo sitreti, ambayo kwa kawaida huondolewa na ini. Ini lisipokuwepo, sitreti huifunga kalisi ya mwili, na bila kalisi moyo hudhoofika na damu haigandi. Hivyo daktari humpasha mgonjwa joto na kumwongezea kalisi. Hatua ya tatu ni kuifungulia damu iingie katika ini jipya. Dakika chache za mwanzo ni za hatari: damu baridi yenye potasiamu nyingi hufika kwenye moyo, shinikizo laweza kuporomoka, na madonge yaliyokwisha kuziba majeraha yaweza kuyeyuka ghafla. Ini jipya likianza kazi, mizani huanza kurudi, na katika siku zinazofuata hofu huhamia upande mwingine, yaani damu isije ikaganda katika mshipa wa ateri unaolilisha ini hilo.

Kwa kuwa hali hubadilika upesi hivyo, kusubiri majibu ya maabara kwa saa nzima hakutoshi. Vituo vikubwa hutumia kipimo kiitwacho tromboelastografia, kilichobuniwa na Hellmut Hartert wa Ujerumani mwaka 1948. Mwaka 1985 Yoogoo Kang, daktari wa usingizi wa Pittsburgh, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kukitumia katika upandikizaji wa ini. Damu kidogo huwekwa katika kikombe kidogo, na mashine huchora mstari unaoonesha damu inaanza kuganda lini, donge lina nguvu kiasi gani, na kama linayeyuka kabla ya wakati. Daktari huona kilichopungua, akaongeza hicho tu: chembe sahani, fibrinojeni, maji ya damu yaitwayo plazima, au dawa ya kuzuia donge lisiyeyuke, mfano asidi ya traneksamiki.

Kwa nini damu na plazima haziongezwi ovyo?

Jamaa wengi hufika hospitalini wakiwa na imani kwamba kadiri mgonjwa anavyoongezewa damu ndivyo anavyokuwa salama. Kwa mgonjwa wa ini mambo hayako hivyo. Plazima nyingi huongeza ujazo wa damu, nao huipandisha shinikizo mishipa iliyokwisha kuvimba, na uvujaji ukazidi. Inaweza kujaza maji mapafuni na kuleta mzio. Kwa hiyo, mgonjwa akiambiwa kwamba INR yake iko juu lakini hataongezewa kitu kabla ya upasuaji, asidhani kwamba amenyimwa haki. Ana haki ya kuuliza sababu, na daktari ana wajibu wa kumweleza.

Pamoja na hayo, damu lazima iwepo tayari. Chembe sahani hudumu siku tano hivi tu baada ya kutolewa. Jamaa wanaotaka kusaidia waulize mapema namna ya kuchangia, badala ya kuhangaika siku ya upasuaji.

Dawa unazotumia nyumbani

Sehemu hii ndiyo inayomhusu mtumiaji zaidi. Tunamwomba msomaji aisome akiwa na dawa zake mbele yake.

1. Aspirini. Huzizuia chembe sahani zisishikamane, na athari yake hudumu siku saba hadi kumi, hata kama ulimeza kidonge kimoja. Anayeimeza kwa ajili ya moyo asiiache bila ushauri. Anayeimeza kwa ajili ya maumivu ya kichwa amwambie daktari tarehe ya mwisho aliyoimeza.

2. Ibuprofeni, diklofenaki na dawa za jamii hiyo. Huuzwa kwa wingi kwa maumivu ya mgongo na viungo. Kwa mgonjwa mwenye makovu ya ini, huweza kuumiza figo na kusababisha tumbo kuvuja damu. Asizitumie ila kwa idhini ya daktari wake.

3. Parasetamoli. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, katika saa 24. Mgonjwa wa ini huwekewa kiwango cha chini zaidi, mara nyingi gramu 2. Akumbuke kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Asome lebo ili asiimeze mara mbili bila kujua.

4. Wafarini na dawa nyingine za kupunguza mgando. Kuziacha ghafla huleta hatari ya donge. Kuendelea nazo hadi siku ya upasuaji huleta hatari ya kuvuja damu. Ratiba ya kuziacha na kuzirudia hupangwa na daktari, si na mgonjwa wala jirani.

5. Dawa za kufubaza virusi vya homa ya ini aina B, mfano tenofoviri. Wapo wanaoacha dawa zote wakidhani wanausafisha mwili kabla ya upasuaji. Kuacha dawa hizi kwaweza kuviamsha virusi na kulishambulia ini upya.

6. Dawa za asili na virutubisho. Kitunguu saumu na tangawizi katika chakula cha kawaida si tatizo. Vidonge vyake vilivyokolezwa, au vya majani ya ginkgo, huweza kuzidhoofisha chembe sahani. Baadhi ya mizizi na majani ya dawa huliumiza ini moja kwa moja. Hatuandiki haya ili kumdharau mganga wa tiba asili wala mgonjwa aliyekwenda kwake. Tunaandika kwa sababu dawa isiyotajwa haiwezi kukingwa madhara yake.

7. Pombe na mirungi. Pombe huliharibu ini na hubadilisha kiasi cha dawa ya usingizi kinachohitajika. Mirungi huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na imehusishwa na madhara ya ini. Daktari wa usingizi akiuliza, haulizi ili kuhukumu.

Tunatambua kwamba mgonjwa huona haya kutaja baadhi ya mambo haya mbele ya jamaa zake. Ana haki ya kuomba azungumze na daktari faraghani.

Kwa ndugu anayejitolea ini

Ini lina uwezo wa kukua tena baada ya kukatwa. Kwa sababu hiyo mtu mzima mwenye afya anaweza kumpa ndugu yake sehemu ya ini lake. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki husafiri kwenda India kwa upandikizaji wa namna hii, wakiongozana na ndugu wa kujitolea.

Ndugu huyu naye aelewe habari ya mizani. Siku chache baada ya kukatwa, INR yake hupanda na chembe sahani hushuka, kwa kuwa ini lililobaki ni dogo. Lakini yeye pia amo katika hatari ya donge la damu miguuni na mapafuni. Ndiyo maana mara nyingi huchomwa sindano za kuzuia mgando na kuhimizwa kutembea mapema, hata kama majibu yake yanasomeka kana kwamba damu ni nyepesi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni aseme mapema, kwani huongeza hatari hiyo. Atashauriwa njia mbadala. Na kabla ya kurudi nyumbani kwa safari ndefu ya ndege, mjitoleaji na mgonjwa wote wawili waulize lini wataruhusiwa kusafiri na wajikinge vipi.

Mambo ya kufanya

Andika orodha ya dawa zote kwa majina yake halisi, si majina ya biashara pekee, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina tofauti katika nchi tofauti. Mfamasia atakusaidia. Kandokando ya kila dawa andika kiasi, na tarehe ya mwisho uliyoitumia. Beba pakiti na chupa zenyewe, pamoja na zile za dawa za asili. Taja mzio, upasuaji wowote uliopita, na kama wewe au mtu wa ukoo wenu aliwahi kupata tatizo la usingizi, la kuvuja damu au la donge la damu. Usikubali sindano ya kukaza damu dukani au kwenye zahanati kabla ya kuonana na timu itakayokupasua.

Baada ya kuruhusiwa, rudi hospitalini bila kuchelewa ukiona kinyesi cheusi kama lami, matapishi yenye damu, au jeraha linaloendelea kuvuja. Rudi vilevile upesi mguu mmoja ukivimba na kuuma, ukibanwa kifua ghafla, ukipumua kwa shida, au jamaa zako wakiona umechanganyikiwa au unasinzia kupita kawaida.

Dawa yoyote ikikuletea madhara usiyoyatarajia, iwe ya hospitali, ya dukani au ya asili, mjulishe mtoa huduma wa afya na uombe ijazwe fomu ya taarifa za madhara ya dawa. Taarifa hizo ndizo tunazozitumia kurekebisha maelezo ya lebo na maonyo kwa umma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini INR ya juu haitoshi kuthibitisha kwamba mgonjwa wa ini hawezi kupata donge la damu?
2. Taja dawa mbili za maumivu ambazo mgonjwa wa ini hapaswi kununua bila ushauri wa daktari.
3. Mgonjwa alimeza aspirini siku tatu kabla ya upasuaji, na anaogopa kwamba akisema upasuaji utaahirishwa. Ungemshauri nini, na kwa sababu gani?
4. Je, orodha ya dawa zako na za mgonjwa wako imekwisha kuandikwa?